Jinsi Gidioni wa Kiboriloni Alivyoitwaa Mashine ya Gemu Pale Himo

Sogeeni, enyi watu wa migombani na enyi watu wa lami, tueni vikapu vyenu na mzime redio, kwa maana nina vita vya kuwasimulia, vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika njia panda ya Himo, nami nikiwa nimeketi ng'ambo ya barabara na mikungu yangu ya ndizi, nikaviona vyote kwa macho haya. Nawe Bwana, uliyeuweka mlima mahali pake na theluji juu yake, uushike ulimi wangu nisiongeze chumvi. Na nikiongeza, basi iwe ya kutosha mboga tu.

Ilikuwa katika mwaka ule wa korona. Mataifa makubwa yakafunga milango yao, maduka ya ng'ambo yakawa kimya kama makaburi, viwanda vikazimwa, meli zikakawia, na kule mpakani malori yakajipanga yakingoja madereva wapimwe pua. Na katika mwaka huo huo, kana kwamba Ibilisi alitaka kucheka, ikatangazwa mashine mpya ya gemu, ambayo vijana wa dunia nzima waliingoja kama wana wa Israeli walivyoingoja mana. Ikatoka kweli, lakini itauzwa wapi na maduka yamefungwa? Aliyeipata aliipata kwa bahati, na aliyeikosa aliitazama picha yake kwenye simu akaugua.

Sasa Gidioni mwana wa Elifuraha, simba wa Kiboriloni, mshika rimoti asiyetetemeka, alikuwa na banda la gemu pale sokoni. Ugonjwa ulipoingia akaambiwa afunge, akafunga. Alipofungua, vijana wake walikuwa wamekwisha kuhamia mjini kwa Jackson, mwenye makochi na feni. Mwenye nyumba naye akapita, akachungulia, akasema, "Baba, hiki chumba kingefaa sana kuweka mkaa." Ndipo Gidioni, kwa uchungu, akapanda juu ya kreti ya soda akawatangazia wachache waliobaki: "Mashine mpya itawaka hapa kabla ya Krismasi! Isipowaka, niiteni muuza mkaa!"

Na maneno ya namna hiyo, yakishatoka, hayamezwi.

Mashine ilikuwa moja tu pande zetu zote. Dereva mmoja wa lori aliivusha mpakani akaifikisha kwenye duka la redio na simu la Mzee Aminieli, hapa Himo. Na Mzee Aminieli ni mjomba wake Gidioni, tumbo moja na mama yake. Mtasema, basi, kazi imekwisha. Thubutu!

Kwa maana mwanzoni mwa mwaka, ugonjwa ulipokuwa ndiyo kwanza unatajwa redioni, mzee alifanya sherehe ya kipaimara cha binti yake Hellen kule Mwika. Kata ya mbege ikazunguka kama ilivyozunguka tangu enzi za mababu, mdomo kwa mdomo. Pombe hiyo mimi siisifii, lakini heshima yake naijua. Mjomba akanywa, akamkabidhi mpwa wake mbele ya ukoo mzima, na Gidioni akarudisha mikono nyuma, akasema, "Hapana mjomba, kuna virusi." Lo! Heri angemzaba kofi. Tangu siku hiyo hawakutazamana.

Basi asubuhi ile Gidioni akashuka kwenye bodaboda mbele ya ngome. Nasema ngome, kwa kuwa mzee, tangu habari za misiba zianze kumfikia kwa simu, alikuwa amegeuka mwoga kuliko sote. Dirisha la duka kalitia wavu wa chuma, mbele ya wavu kamba, mbele ya kamba ndoo ya maji na sabuni, naye ndani kavaa barakoa mbili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Gidioni."

"Gidioni nimjuaye mimi hakaribii watu wenye virusi. Umepotea, baba. Barabara ya Moshi ile pale."

"Mjomba, mashine ninaiona hapo rafuni. Niuzie. Banda langu linakufa."

Mzee akasimama kama nabii juu ya mwamba. "Sikia, ewe mwenye midomo mitakatifu! Jackson amekwisha kunipigia, yuko njiani. Huyo sijui anakunywa au hanywi, lakini hajanikataa mbele za watu!"

Gidioni akabaki amesimama kama mgomba uliokatwa mkungu, hata nikataka kumpa ndizi. Ndipo Mama Hellen, yaani Tabitha mke wa mzee, akatoka mlango wa nyuma akijifanya kumwaga maji.

"We kijana, unakuja mikono mitupu kwa mtu uliyemkosea? Ulilelewa Mwika au Ulaya? Nenda kachume isale!"

Akili zikamrudia. Maana kwetu mlimani, anayekuletea jani la isale kukuomba msamaha humfukuzi. Ukilikataa, kosa linahamia kwako. Akaruka juu ya bodaboda, vumbi likainuka kama la jeshi la Farao, akapanda mlima mpaka Mwika, hata mpakani mwa shamba la baba yake, akachuma jani moja refu, bichi, akalifunga fundo, akashuka nalo kifuani mwa shati.

Alipofika, ole wake! Jackson alikuwa ameshafika na gari, ananawa mikono kwenye ndoo.

"Karibu, muuza mkaa," akasema Jackson. "Hilo jani ni la mbuzi au ndiyo chakula chako cha mchana?"

Gidioni akampita. Akavuka kamba, akapiga goti kwenye changarawe, akainua jani kwa mikono miwili. "Mjomba, nilikukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Hili hapa isale."

Njia panda yote ikanyamaza. Hata makondakta wakafunga midomo, jambo ambalo sijaliona tena. Mzee Aminieli akalitazama jani, kulikataa hawezi. Akafungua kidirisha cha wavu, akatoa plaizi ya ufundi, akalibana jani kwa ncha ya plaizi, akalivuta ndani mkono ukiwa mbali na pua, akalitumbukiza kwenye beseni la sabuni.

Tabitha akacheka, akashika mlango asianguke. "Baba Hellen! Jani la amani unalifua? Mtoto alikataa mate yako, ukanuna mwaka mzima. Wewe unaliogopa hata jani!"

Mzee akaduwaa, plaizi mkononi, jani linaelea kwenye povu. Gidioni akasema taratibu, bado kapiga goti, "Mjomba, siku ile baada yangu kata ilikuwa inakwenda kwa bibi. Nilitaka iishie kwangu."

Bibi huyo ni mama yake Mzee Aminieli, naye yu hai mpaka leo, anapalilia kahawa. Mzee akavua miwani. Tukadhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko, na ukungu wa barakoa mbili umejaa kwenye vioo.

"Inuka, mwanangu," akanena. "Nimepigwa, na aliyenipiga ni beseni langu mwenyewe. Jackson, baba, samahani sana. Nina betri nzuri za rimoti, ukipenda."

Jackson, kwa haki nimsifu, akanunua betri.

Basi andikeni, enyi mnaojua kuandika, wajukuu wasije wakasema hatukuwaambia: katika mwaka ambao milango ya dunia ilifungwa, kidirisha kimoja kilifunguliwa Himo, boksi likapita, na mjomba akamuuzia mpwa wake mashine ya gemu, mchana, mbele ya mashahidi, bila kumpunguzia hata senti moja.