Pampu ya Kipushi na Bahari ya Mama Docteur

Alhamisi, 3 Aprili 1997

Mama Docteur amekimbia leo. Saa nne asubuhi, taksi moja, mifuko sita, njia ya Kasumbalesa, kuvuka mpaka, hadi Ndola kwa dada yake. Wanasema waasi wako karibu. Wanasema mengi. Mimi sikimbii. Nimeendesha pampu miaka ishirini na miwili chini ya ardhi ya Kipushi, nikitoa maji ili wenzangu wasizame. Nikimbie kelele za barabarani?

Docteur Céline ni daktari wa meno na ndiye mwenye kiwanja. Mimi na Kulthumu, mke wangu, tunakaa kwenye annexe, ile nyumba ndogo ya nyuma. Kabla ya kuondoka alinipeleka saluni kwake, chumba cha wageni, mbele ya sanduku la kioo. Ndani yake mna bahari. Kweli kabisa, bahari, hapa Lubumbashi! Lita mia tano za maji ya chumvi, samaki watano, na matumbawe, ile miti ya rangi ambayo Docteur anaapa kwamba ni wanyama. Marehemu mumewe, Faustin, alivileta kimoja kimoja toka Dar, ndani ya mifuko ya plastiki, amevipakata ndani ya ndege. Faustin amekufa mwaka wa pili sasa. Docteur aliweka kiganja juu ya kioo, akalia.

Bon. Halafu akamwita Papa Paluku, jirani wa nyuma ya ukuta, mtu wa Butembo anayeuza unga kwa magunia, awe shahidi. Akasema mbele yetu wote wawili: akirudi akavikuta hai, annexe ni yetu mpaka tuchoke wenyewe. Akikuta vimekufa, anampa Paluku aweke magunia yake, maana ameshaiomba mara tatu. Paluku akainamisha kichwa kwa heshima. Namjua huyo. Alikuwa anapima mlango kwa macho.

Ameniachia daftari la Faustin. Eti kurasa nyingi ni za mwendo wa maji tu. Faustin alikuwa notaire, mtu wa mikataba na mihuri. Notaire anajua nini juu ya pampu? Nimemwambia Docteur aende kwa amani. Nimeshinda maji ya mgodi, hili sanduku litanishinda?

Jumamosi, 5 Aprili

Limeniudhi kidogo.

Umeme ulikatika tangu jana. Leo adhuhuri ukarudi na nguvu za wazimu. Fuu! Vile vipampu viwili vya sanduku, vidogo kama ngumi, kimoja kila upande, vikaungua pamoja. Harufu mpaka barabarani. Tangu jana maji yamesimama. Matumbawe yamejikunja. Samaki wa manjano, ambaye nimempa jina la Mukubwa, anahema juu juu.

Kulthumu aliangalia, akasema, "Baba Chadia, hii maji inalala. Itaoza." (Chadia ni binti yetu, ameolewa Kasenga.) Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimefurahi hata. Vile vipampu vilikuwa vinaniaibisha. Sasa nitachagua mwenyewe.

Nimejaribu kwanza kipampu cha kurushia maji kioo cha gari la zamani la Docteur, kwa betri. Kimetema mate mara tatu kikafa. Takataka.

Jioni Paluku alipita kusalimia. Akauliza hali ya samaki. Nikasema iko muzuri sana. Akauliza kama annexe ina madirisha mawili au matatu. Nikamwambia ahesabu magunia yake.

Jumapili, 6 Aprili

Umeme ulikuwapo kwa saa mbili. Nikafunga pampu niliyoitoa kwenye mashine ya kufulia ya Docteur. Pampu ina roho! Ilipiga maji kwa mstari mmoja, moja kwa moja. Mchanga wote ukaruka, maji yakawa kama chai ya maziwa, tumbawe moja la zambarau likabanwa kwenye kona kama mtu kwenye foleni ya mkate. Nikazima. Ni pampu nzuri ila haina akili.

Kulthumu amesoma lile daftari lote. Hakuniomba ruhusa. Ati Faustin ameandika kwamba matumbawe hayatembei, chakula kinayafuata kwa maji, kwa hiyo maji yaende na yarudi, huku kidogo, kule kidogo, yasitupwe upande mmoja. Ndiyo maana vipampu vilikuwa viwili, vinapokezana. Nikamwambia huo ni ushairi. Pampu inapimwa kwa urefu inaopandisha maji na kwa wingi wake. Muulize mtu yeyote Kipushi.

Akaenda jikoni, akarudi na mwiko wake wa bukari, ugali wetu, ule mrefu wa zamani, ameuchemsha mara mbili kuutoa mafuta. Akakaa mkekani mbele ya sanduku, akaanza kukoroga. Polepole. Kuume, anangoja, kushoto, anangoja. Tasbihi mkono mwingine. Baada ya saa moja matumbawe yakafunguka. Yote! Vidole vyao vidogo nje, vinacheza.

Nikasema huo si ufundi. Akasema sawa, wewe endelea na ufundi.

Tena amekoroga pipa zima la maji ya chumvi la akiba kwa ule unga wa chumvi ya bahari wa Docteur, kwa sababu daftari limesema pipa lisikose. Nikacheka sana. Akiba ya nini?

Jumanne, 8 Aprili

Risasi tangu alfajiri. Upande wa uwanja wa ndege, halafu upande wa stesheni, halafu kila upande. Wanajeshi wa serikali wanakimbia na magodoro ya watu. Tumelala chini ya meza. Nimetumia nafasi hiyo kuchora pampu nyuma ya kalenda.

Kulthumu ametoka mara tatu. Mara tatu! Amevuka ua, mwiko mkononi, risasi zinapita juu ya bati, kwenda kukoroga bahari. Mara ya tatu nikamshika kanga. Nikamfokea. Nilikuwa naogopa, naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshahama nyumba nne katika maisha yake na ya tano hatahama. Akaenda.

Nikamfuata kwa magoti. Si kwa kukoroga. Kwa kulinda.

Alhamisi, 10 Aprili

Mji una wenyewe wapya. Wamevaa buti za mpira na wanazungumza Kiswahili kizuri sana. Watu wanaimba barabarani, wanapunga matawi. Wakubwa wote wa zamani wamekimbia. Mukubwa wa manjano peke yake amebaki.

Kamanda mmoja ameingia kukagua silaha. Akafungua kabati, akafungua sufuria, akafika saluni. Akamkuta Kulthumu na mwiko. Akasimama. Akauliza huyu mama anapika nini. Nikamweleza. Akauliza kwa nini samaki wametiwa chumvi wakiwa wazima. Nikamweleza tena. Akasema yeye ni mtu wa milimani, bahari hajawahi kuiona. Akaweka bunduki ukutani, akaomba mwiko, akakoroga. Dakika kumi. Kulthumu anamsahihisha: polepole, baba, si ugali huo. Akatii!

Hapo akili yangu ikawaka. Nikamweleza kamanda kwamba bahari hii inakufa kwa kukosa pampu, na pampu ninayoijua iko Kipushi. Ameniandikia karatasi ya ruhusa ya njia, na mhuri. Siku kumi. "Fundi Yuma anasafirisha kifaa cha bahari." Fundi Yuma, ndiyo mimi! Wallahi, nimeisoma mara nane.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeileta pampu! Kutoka Kipushi kwa baiskeli, kilo arobaini kwenye keria, vizuizi sita. Kila kizuizi karatasi, kila kizuizi saluti. Pampu ilikuwa jikoni kwa Chola, mwenzangu wa zamani wa zamu, wakiitumia kama kiti. Ndiyo ndogo kuliko zote tulizokuwa nazo. Inapandisha maji mita themanini. Chola aliipapasa kabla ya kunipa. Machozi yalimlengalenga, na mimi pia.

Nimeifunga leo mchana kutwa. Mikono haijasahau kitu. Nimeiweka juu ya meza karibu na dirisha, nimeijaza maji kwanza kama inavyotakiwa. Bomba la kuvuta ndani ya sanduku, mpaka chini kabisa. Bomba la kutoa juu, dirishani, nje. Nimekaza kila pingili kwa ufunguo. Hakuna tone linalovuja.

Kulthumu akauliza kwa nini hilo bomba linatoka nje. Maswali ya wanawake! Nikamwambia: bomba la kutoa linatoa. Ndiyo kazi yake. Miaka ishirini na miwili, nilipofunga mimi, maji hayakubaki.

Akaenda kulijaza pipa lake mpaka ukingoni.

Umeme hakuna. Nimeacha swichi imewashwa, ili courant, huo umeme, ikirudi kazi ianze mara moja.

Jumatano, 16 Aprili

Courant ilirudi.

Sikuwapo. Nilikuwa sokoni natazama mbuzi wa Idi. Nimesimuliwa. Pampu ilinguruma, picha ya Faustin ikaanguka ukutani, na bahari yote ikatoka dirishani kabla Kulthumu hajamaliza tasbihi moja. Lita mia tano. Ikapita juu ya ukuta kwa tao zuri sana, kila aliyeona amekubali kwamba ilikuwa nzuri, ikaangukia ua wa Paluku. Paluku alikuwa ametandaza unga wa mahindi juani, magunia kumi na mawili, kwa sababu ulishika unyevu siku za vita. Yeye mwenyewe alikuwa katikati.

Kulthumu alichomoa waya, akatupa samaki kwenye pipa la akiba, mmoja mmoja, kwa mikono. Halafu matumbawe. Mukubwa akamponyoka chini ya kiti, akamfuata kwa tumbo. Wote ndani. Akachukua mwiko, akaanza.

Nilipofika nilimkuta Paluku saluni. Mweupe toka nywele mpaka viatu, unga unamkaukia, hawezi kukunja kiwiko. Alikuwa ameanza kunitukana kwa Kinande cha kwao na kwa Kifaransa. Mimi nimejibu kwamba tao lile linathibitisha nguvu ya pampu. Akainua mkono. Ndipo akamwona Kulthumu. Ana miaka hamsini. Mkono wake ulikuwa umechoka, lakini hauachi. Kuume, anangoja, kushoto, anangoja.

Paluku akashusha mkono wake. Akasema, "Mama Chadia, leta. Pumuzika." Akachukua mwiko.

Mtu anayetaka annexe! Sikuelewa, na sijaelewa mpaka sasa. Nadhani kuna hila. Mke wake, Abigaëlle, akaja kumtafuta, naye akashika zamu. Mimi nilishika tochi, ingawa kulikuwa na jua.

Ijumaa, 18 Aprili

Idi. Nimerudi toka swala na nani yuko langoni? Mama Docteur! Njia ya Ndola imefunguka. Ameshuka na begi moja, hakusalimu mtu, moja kwa moja saluni.

Sanduku lilikuwa nusu tu, maji ya pipa tuliyoyarudisha pamoja na samaki. Kioo kina alama ya unga. Dirisha lina bomba. Meza ina pampu. Kulthumu, Paluku na Abigaëlle wamekaa mkekani kwa zamu zao. Docteur akapiga magoti. Akatafuta kila tumbawe kwa macho, anasema majina yao kwa sauti ndogo, majina aliyowapa Faustin. Yote yapo. Yote yamefunguka, hata la zambarau. Mukubwa akaja kwenye kioo, akapiga kelele zake za kimya.

Docteur akamkumbatia Kulthumu, wakalia wote wawili. Na mimi nililia. Abigaëlle alikuwa na kitunguu mkononi, hiyo ndiyo sababu nyingine.

Halafu Docteur akauliza habari ya bomba. Nikaanza kueleza. Paluku akaeleza kwa ufupi zaidi.

Annexe ni yetu. Lakini ufunguo ameuweka mkononi mwa Kulthumu, na daftari la Faustin juu yake, mbele ya shahidi yuleyule. Akasema nyumba ni ya mama huyu mpaka achoke mwenyewe, na ile pampu isivuke tena kizingiti cha saluni. Paluku akawa wa kwanza kupiga makofi! Docteur anampa gereji aweke magunia yake, kwa hiyo naye ameshinda. Kila mtu ameshinda kwa pampu yangu, ila hakuna anayesema.

Mchana tulikula pamoja. Abigaëlle alipika bukari kwa unga ule ule uliolowa bahari. Wamesifu, eti umekolea chumvi peke yake.

Jumapili, 20 Aprili

Docteur aliagiza vipampu viwili vipya toka Ndola, vimefika leo. Vidogo kama ngumi! Kimoja huku, kimoja kule, vinapokezana, na betri ya gari pembeni kwa siku ambazo umeme unakatika. Kulthumu amevifunga mwenyewe, daftari mapajani. Maji yanakwenda na kurudi. Matumbawe yanacheza. Wote wanavisifu. Nimevitazama kwa huruma.

Nimefikiri sana siku hizi mbili, kwa haki, bila hasira. Makosa niliyaona. Mtu mkweli anakubali makosa yake. Nayakubali: pampu ilikuwa ndogo.

Chola aliniambia kaka wa pampu ile bado yuko Kipushi, wa kilo mia mbili, amelala nyuma ya kanisa. Karatasi ya kamanda inaisha leo jioni. Baiskeli imetiwa upepo, Kulthumu yuko saluni, hajaniona. Na safari hii bomba la kutoa nitalirefusha, lipite ukuta, lipite ua wa Paluku mpaka barabara ya pili. Unga wake hautaguswa hata punje.