Kurasa Tisa za Z

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Mkurugenzi mpya katuita makarani wawili ofisini kwake, mimi na Kalamu Tatu. Hakupepesa macho. Kasema kiwanda hiki cha samani hakihitaji makarani wawili wa barua. Itabaki meza moja. Atakayebaki atajulikana Jumatano ya wiki ijayo.

Kila mmoja kapewa mteja mwenye hasira. Mimi nimepewa Mkuu wa Chuo: viti mia mbili vinavyoyumba, malalamiko mara nne, hajajibiwa hata mara moja. Kalamu Tatu kapewa meneja wa hoteli ambaye milango yake haifungi. Tuwajibu kwa Kiingereza, kama wanavyotuandikia wao. Mteja wa nani akitulia, huyo ndiye atabaki. Mama Mkurugenzi kasisitiza anataka barua fupi, zinazoeleweka.

Nimemwelewa vizuri. Mkubwa akikwambia fupi, anakupima. Anataka Kiingereza kizito.

Kalamu Tatu alitoka akitabasamu. Huyu hubeba kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na mbili hazina wino. Hana mke wala mtoto. Mimi nina pacha wa miaka saba wanaokula kama watu wazima. Na sijasahau ile miaka miwili niliyokaa bila kazi, mke wangu akishona mashati ya watu ili tule. Sirudi kule. Haki ya nani, sirudi!

Silaha ninayo. Iko chini ya godoro.

Jumanne, 5 Machi

Niieleze silaha yenyewe, ili wajukuu wangu wakisoma wajue.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Aliacha kamusi moja kubwa ya Kiingereza, na watoto saba. Kila mmoja aliitaka. Tulinuniana siku tatu. Siku ya nne baba mdogo akachukua kisu cha mkate akaikata mafungu saba kwa kufuata umri, ili haki itendeke. Dada Mkubwa akapata A mpaka C. Wengine wakafuata. Mimi kitinda mimba nikaangukiwa na Z. Kurasa tisa na jalada la nyuma. Kaka ninayemfuata hakukubali hata kuniachia Y.

Niliona nimeonewa. Sasa naona ni baraka. Maneno ya kawaida kila mtu anayo. Ya mwisho kabisa, nani huyafikia? Watu huchoka kwenye M.

Leo nimeanza. Kwenye kikao cha asubuhi nimesema kiwanda chetu kiko kwenye zenith. Ni kilele, juu kabisa. Mama Mkurugenzi kanitazama kwa muda mrefu. Fundi wa vanishi kaniuliza pembeni kama ni lile jengo jipya karibu na benki.

Mchana nimemwandikia mtunza stoo. Vikombe vyetu vya chai vimevunjika vishikio na Shangazi wa Chai anaungua vidole kila siku. Nimeomba zarf sita. Zarf ni kitu cha kushikia kikombe kisicho na mkono, ukurasa wa kwanza, juu kabisa. Ningeweza kusema vishikio. Lakini mtu hapandi cheo kwa kusema vishikio.

Mtunza stoo kajibu kwa maandishi, na muhuri: zarf zimekwisha, mzigo mwingine unatarajiwa.

Jumatano, 6 Machi

Kalamu Tatu kanishtukia! Kumbe alikuwa akiandika kila neno langu kwenye daftari. Mbele ya watu wote, chai mkononi, katangaza kuwa Kiingereza changu chote kinaanzia herufi moja. Watu wakacheka. Hata Shangazi wa Chai, ambaye nampigania vidole vyake.

Halafu akanitega. Kaniuliza bawaba ya mlango wanaiitaje Kiingereza cha kitaalamu. Nikajua anataka nishindwe. Jibu la kweli nalijua, kila karani wa samani analijua. Lakini liko kwenye H, na H iko kwa dada wa pili. Nikamjibu bila kusita: zax.

Fundi wa vanishi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyewahi kuitumia. Zax ni chombo cha kukatia vigae vya paa. Ukurasa wa pili. Hakuna aliyejua.

Kalamu Tatu kaiandika kwenye daftari lake. Nimemwona, ingawa alificha kwa kiganja. Mke wangu nilipomsimulia kasema mficha uchi hazai. Nikamuuliza ananisema mimi au Kalamu Tatu. Aliendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 7 Machi

Barua! Nimeiandika mara sita. Tatizo: Mkuu wa Chuo hapendi kitu. Kila kiti kakitia kasoro, miguu, misumari, rangi, hata harufu. Mtu wa namna hii humtulizi kwa pole. Unamtuliza kwa sifa.

Na sifa nimeipata. Ukurasa wa nane, chini: zoilist. Mkosoaji, hasa...

Hapo karatasi imekatika. Kisu cha baba mdogo kilipinda, kikaondoka na pembe ya ukurasa. Si neno. Nimemalizia mwenyewe. Mkosoaji, hasa mwenye busara. Lingekuwa nini tena?

Nimeliweka mara tatu. Nimemwambia Mkuu kwamba sifa zake za kuwa zoilist zimetufikia. Kwamba chuo chenye zoilist wa kiwango chake kina bahati. Kwamba tunaomba aendelee kuwa zoilist wetu kwa miaka mingi. Mwishoni karatasi ilikuwa na nafasi, nikajaza kwa Kiingereza cha kawaida kuwa mafundi wawili watakwenda kwake Jumatatu alasiri na skrubu mpya, wakaze viti vyote. Mstari mwepesi, hauna ladha, lakini nafasi ilibaki.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tisa alasiri nimemkabidhi Mzee Tarishi barua. Nakala nimempelekea Mama Mkurugenzi. Mzee kaiweka ndani ya mkoba wa ngozi, kapiga kufuli, ufunguo kautia shingoni. Atapeleka kwa baiskeli Jumatatu.

Kalamu Tatu naye kaleta yake. Bahasha nene. Mtunza stoo kanijulisha kuwa zarf zimefika. Nimekwenda. Kaniwekea mezani boksi la bawaba ndogo za kabati, na juu yake kibandiko kipya alichoandika kwa mkono: zarf, daraja la pili. Nikamtazama. Akanitazama. Nikatia sahihi. Ningefanyaje?

Natembea kwa maringo. Mke wangu kaniuliza nini kimenipata mabegani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Tulikuwa kwa Dada Mkubwa, ndugu wote saba. Nilisimama nikawasomea nakala ya barua, nikitaka waone kilichotoka kwenye kurasa tisa walizonipa kwa dharau. Dada Mkubwa kaniambia niseme tena lile neno. Nikalisema. Akaingia chumbani akarudi na A mpaka C. Akaifungua katikati. Kuna kikaratasi cha pembe tatu anakitumia kuwekea alama, miaka yote hii. Siku ya kugawana alikiokota sakafuni. Akasema anadhani ni cha Z.

Akasoma. Mkosoaji, hasa mwenye kijicho na roho mbaya, asiyeridhika na lolote, atafutaye ila kwenye kazi za watu.

Ndugu zangu walicheka mpaka kaka ninayemfuata akalala sakafuni. Mimi nilikaa chini. Nimemwambia Mkuu wa Chuo ana roho mbaya. Mara tatu. Na nimemwomba aendelee kwa miaka mingi.

Jumapili, 10 Machi

Sijala. Pacha wamekula changu. Mke wangu nimemwambia yote, nikidhani atanilaumu. Alikwenda kuifungua cherehani yake na kuitia mafuta. Hilo liliniuma kuliko lawama.

Jumatatu, 11 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa getini. Mpango wa kwanza: nimwombe Mzee Tarishi barua yangu. Nimemwomba. Kakataa. Kasema barua ikishaingia mkobani si ya aliyeiandika tena, ni ya yule mwenye jina juu yake. Kabeba mkoba huo miaka thelathini na moja na hajarudisha hata bahasha moja. Kanikumbusha kwa upole kuwa aliwahi kupeleka barua ya kumfukuza kazi yeye mwenyewe, ikaja ikafutwa.

Mpango wa pili: kumsaidia kubeba mkoba. Kasema si mzito.

Mpango wa tatu: kutoa upepo gurudumu lake la nyuma wakati anakunywa chai. Nimeutoa wote. Ilikuwa baiskeli ya mlinzi. Mlinzi kanikimbiza mpaka karakana ya mbao, na niliporudi nikihema, Mzee Tarishi alikuwa ameshakata kona. Anaendesha taratibu mno, lakini mtu mwenye haki hana haraka.

Jumanne, 12 Machi

Saa nne. Gari jeupe limeingia. Mkuu wa Chuo, mwenyewe! Mrefu, suti nyeusi, barua yangu mkononi.

Nimekimbilia stoo nikachuchumaa nyuma ya madebe ya vanishi. Mtunza stoo hakuniuliza lolote. Kaniletea kitabu chake, kasema maadamu nipo, nitie sahihi ya zarf za mwezi ujao.

Nimeitwa mara mbili. Mara ya tatu kaja Shangazi wa Chai. Kaniambia nitoke, mwanangu, kifo cha kuchuchumaa hakina heshima.

Nimeingia ofisini kwa Mama Mkurugenzi. Mkuu wa Chuo kasimama. Kaja. Kafungua mikono.

Kanikumbatia!

Kasema ameongoza chuo miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kumtambua alivyo. Watu humwita msumbufu. Karani mmoja tu, wa kiwanda cha viti, ndiye kaona. Mama Mkurugenzi kamuuliza, kwa sauti laini sana, kama neno lile analifahamu. Mkuu kamjibu kuwa hakuna msomi asiyelifahamu. Halafu kaagiza viti hamsini zaidi, na kibao cha mbao cha mlangoni mwake, herufi za kuchonga, jina lake na chini yake ZOILIST.

Nilikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Machozi yalinitoka na sikuona haya. Mkuu alidhani nimeguswa na ukarimu wake, akanipa leso.

Jumatano, 13 Machi

Mezani kwa Mama Mkurugenzi kulikuwa na kamusi. Nzima, kurasa zote, haijapitiwa na kisu. Ilikuwa imefunguliwa mwishoni. Kaniuliza nilijua maana?

Nimesema kweli yote. Baba, mafungu saba, kisu cha mkate, pembe tatu. Alianza kutabasamu kwenye kisu. Kufika kwenye baiskeli ya mlinzi alikuwa amevua miwani anajifuta macho.

Kalamu Tatu hakupata bahati yangu. Alimwahidi meneja wa hoteli zax arobaini, na meneja yule ni mtu wa ajabu: asichokijua, anauliza. Kampigia Kalamu Tatu simu amweleze. Kalamu Tatu akasema mtandao mbaya, akakata. Mara tatu. Kuanzia kesho anahamia stoo, atasaidia kuhesabu zarf.

Mimi nimepewa mkataba wa mwaka mzima! Kwa sharti moja: nisiandike neno ambalo siwezi kumweleza Shangazi wa Chai akaelewa. Kibao kitachongwa bila lile neno, nami nimwambie Mkuu mbao ilikuwa fupi. Tena kanieleza kwamba kilichomleta Mkuu kwa furaha ni mafundi wawili waliofika Jumatatu na skrubu. Ule mstari wa mwisho. Nimeitikia kwa adabu. Mkubwa naye ana haki ya kukosea.

Nimefika nyumbani nikamwonyesha mke wangu mkataba. Kausoma mpaka chini, sahihi na muhuri. Kisha kaifunika cherehani kwa kitambaa chake na kukaa karibu yangu. Tumekaa hivyo tu, pacha wakigombana sebuleni, na sikumbuki lini nilipumua vizuri namna hii. Namshukuru Mungu. Yamekwisha.

Alhamisi, 14 Machi

Mteja mpya! Daktari Mkuu wa hospitali, analalamikia kabati za wodini. Mama Mkurugenzi kaniambia nimjibu kwa mistari mitatu.

Jioni nimepita kwa Dada Mkubwa nikaazima A. Sharti la Shangazi wa Chai sijalivunja, maana ni la Z, na hii ni A. Na A ni herufi tulivu, ya mwanzo, haina hatari.

Nimepata neno ukurasa wa kwanza tu. Abattoir. Tamko lake peke yake ni heshima. Jengo kubwa maalumu ambamo... Hapo pembe imekatika, kisu cha baba mdogo tena, lakini maana inaonekana. Nimeshaandika. Nimemwambia Daktari Mkuu kuwa mji mzima unasifu hospitali yake kwa kuwa abattoir bora kuliko zote, na kwamba familia yangu wakiugua, hatuwapeleki kwingine.

Mke wangu kachungulia begani kwangu. Kauliza mbona pembeni ya neno kuna picha ya ng'ombe na mwanaume mwenye aproni na kisu. Nimemwambia ni pambo la ukurasa. Barua iko tayari kwa mkoba wa Mzee Tarishi.