Tasa ya Akonaay

Alhamisi, 2 Juni 2005. Mbulu.
Baridi, na hasira juu. Basili, bwana mifugo, kampiga sindano ng'ombe wa Mzee Akonaay. Ng'ombe kasimama. Sasa mzee anamwita "mwanangu". Mwanangu! Mimi namtaka binti yake Sara tangu mwaka jana, na bado naitwa "wewe mwalimu". Lakini mzee alifundisha hisabati mpaka alipostaafu. Hapo Basili na sindano zake hanipati.

Ijumaa, 3 Juni.
Nimepata! 31 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. 331 nayo. 3,331 nayo. Kitabu cha chuo kinakwenda hivyo hivyo mpaka 33,333,331. Bandika tatu nyingine mbele, inabaki tasa. Ni kanuni! Kitabu kimeishia hapo, mimi naendelea: 333,333,331. Sijaigawa. Ya nini, kanuni si ipo? Namba hii itaitwa kwa jina la mzee. Nimenunua ubao na rangi nyekundu.

Jumamosi, 4 Juni.
Balaa! Nimempa mzee shikamoo, nikaufunua ubao sebuleni: 333,333,331, TASA YA AKONAAY. Shangazi yake Sara, Philomena, akapiga yowe. Nani kanituma kuandika utasa kwenye nyumba yenye binti wa kuolewa? Majirani wakajaa mlangoni. Nikaeleza vigawo. Nikaeleza tena! Mzee akasema ni neno la hisabati tu. Shangazi akataka ushahidi.

Sara akaacha kumenya viazi, akaanza kugawa nyuma ya kalenda. Tatu ikakataa. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zikakataa. Nikawa natabasamu. Kumi na saba ikaingia! 19,607,843, bila baki.

"Kumbe ina watoto," mzee akasema.

Shangazi akashusha pumzi, akanimiminia chai. Wengine wote waliangalia pembeni.

Sara kanisindikiza mpaka uani.

"Mwalimu, uliigawa kwanza?"

Nikasema kanuni ilikuwa nzuri. Akasema hakuniuliza hilo. Anataka mume anayeangalia kwanza ndipo aseme. Wazee wa Basili wanakuja Jumatatu kuleta posa, na yeye hajaamua. Nikirudi, nirudi na kitu nilichokihakiki mwenyewe, hata kiwe kidogo.

Jumapili, 5 Juni.
Misa nzima nimewaza maneno ya Sara. Ana haki kabisa. Kosa nimeliona: tatu zilikuwa chache.

3,333,333,331! Hii hakuna atakayeimaliza. Mimi mwenyewe nimeanza kuigawa, nimechoka kwenye kumi na tisa. Nimeibana tatu moja pembeni mwa ubao, kidogo imepinda. Jina la mzee nimelifuta, maana ananinunia. Nyumba ile aliyenionyesha huruma ni mmoja tu, huyo ndiye wa kumshika.

Rangi inakauka: TASA YA PHILOMENA. Kesho asubuhi nawahi, kabla wazee wa Basili hawajafika.