Koja Shingoni mwa Kivuli

Katika jiji zima la Coimbatore hakuna mtu anayeujua mkono wa chuma wa Idara kunishinda mimi. Naujua kiungo kwa kiungo, kwa kuwa kila Jumatatu naupangusa vumbi. Zaidi ya hapo sijui lolote, ila hata hilo linampita Mkurugenzi.

Idara yetu ni Idara ya Vivuli vya Mitambo. Ilizinduliwa kwa zumari na hotuba sita, na waraka wake wa kwanza umetundikwa ukutani ndani ya kioo: "Hakuna mtambo utakaotikisika kabla kivuli chake hakijatikisika." Maana yake si ngumu, nami niliishia darasa la tano. Kivuli ni mtambo ule ule, ila uko ndani ya kompyuta. Unachonga hewa kwanza. Ukijigonga unageuka mwekundu, na hakuna aliyevunjika meno. Kivuli kikifaulu, mtambo wenyewe unaruhusiwa kuamka.

Mkono wetu ulikusudiwa kuchonga kalibu za mbao za kusubia pampu. Mikono ya dukani huja na vivuli vyake tayari. Wetu uliungwa hapa hapa mjini: bega la kiwanda cha magari, kiwiko cha kiwanda cha nguo, na kifundo nilichoshauriwa nisiulize kilitoka wapi. Kwa hiyo kivuli chake kilibidi kiundwe upya, na kazi akapewa Kayalvizhi, tunayemwita Kayal, binti mhandisi mwenye mtoto wa miezi saba na mume fundi katika kiwanda cha pampu ng'ambo ya barabara.

"Bibi, ni kuning'iniza tu," alinieleza nilipomletea kahawa. "Kitako kinabeba bega, bega linabeba kiwiko, kiwiko kinabeba kifundo. Kila kimoja nakiambia kinazungukia wapi na kinakomea wapi. Nikikosea cha chini, vya juu vyote vinapotoka."

"Kumbe kama ofisi."

"Hilo umesema wewe, Bibi. Mimi sijasikia."

Mkurugenzi wetu, Bwana Nallasivam, aliuchangia mradi mambo mawili. La kwanza lilikuwa la itifaki. Katika hesabu za Kayal kitako kilikuwa kiungo namba sifuri, na Mkurugenzi akaona si heshima mbeba wote aitwe sifuri. Kikao kilikaa wiki tatu. Kitako kikapandishwa cheo, kikawa Sifuri Mwandamizi.

La pili lilikuwa upimaji. Umbo la mkono huchukuliwa kwa kamera ya kupimia, ile unayozunguka nayo mpaka ikusanye kila kilichopo mbele yake. Mkurugenzi akaifungia kabatini mwake. "Upimaji ni jukumu la uongozi," akasema. Siku ishirini na tisa nilimkuta mezani na gazeti. Ya thelathini akamkabidhi Kayal umbo na cheti chenye mihuri mitatu: amepima kwa mikono yake mwenyewe, siku ishirini na tisa, zote siku za kazi.

"Mheshimiwa, hapa shingoni, juu ya bega, pana uvimbe," Kayal akamwambia. "Na kitakoni pana kitu kama mnara. Nikivikata hivi, kivuli kitapita."

"Kilichosainiwa hakikatwi, binti. Huo ni unene wa kitaalamu."

Kikaachwa na unene wake. Kila kilipoinama kuchonga, kilijigonga shingo, kikawa chekundu, kikasimama. Mara mia mbili na kumi na moja. Mkurugenzi akaandika ripoti kwamba kosa ni la mhandisi, na barua ya kumhamishia Kayal ghala la mafaili la Ramanathapuram, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Ilibaki saini ya mkaguzi tu.

"Mume wangu hawezi kuacha kiwanda," Kayal aliniambia. "Mtoto sijui niende naye au nimwache."

Nilimwongezea sukari, naye hata hatumii sukari.

Mkaguzi, Mama Alamelu, alikuja kutoka Chennai na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Kivuli kikatupwa ukutani, kikubwa kama lori. Mimi chumba cha kompyuta huwa naishia mlangoni, kwa ajili ya vumbi langu. Siku ile niliruhusiwa kuingia na kahawa ya mgeni, ndipo nikakiona kwa mara ya kwanza.

"Hiki kilichovimba shingoni ni nini?" Mama Alamelu akauliza.

"Kinga ya vumbi, Mama," akajibu Mkurugenzi.

"Na hivi viduara vinne kuzunguka kitako?"

"Vituliza mtetemo."

"Mama, samahani," nikasema huku namimina. "Vituliza mtetemo hivyo ni malimau. Niliyapanga mimi. Na kinga ya vumbi niliisuka mimi, asumini na maua ya manjano. Ni koja la Ayudha Puja, siku ya kuvipumzisha vyombo vya kazi."

Mama Alamelu akashusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine. Kila mtu mjini kwetu anaijua sikukuu ya vyombo. Nyundo inapumzika, tupa inapumzika, hata kalamu ya karani inapakwa msandali na kulazwa. Hakuna anayegusa chombo.

"Koja lilikaa shingoni siku ngapi, Bibi?"

"Mchana mmoja na usiku wake. Asubuhi nililivua, mbuzi wa jirani akalila."

"Bwana Nallasivam, cheti kinasema siku ishirini na tisa za kazi. Maua yanasema siku moja, tena ya sikukuu."

"Mama, siku ile sikuwepo hata ofisini," akasema Mkurugenzi. "Nilikuwa Pollachi kwa mama mkwe. Pengine mhandisi alipima tena kwa siri, akaharibu kazi yangu."

Kayal akaitazama barua yake ya uhamisho. Barua ilikuwa mezani, karibu na mkono wa mkaguzi.

"Na mnara huu wa ghorofa nne hapa kitakoni?"

"Giaboksi, Mama. Ya akiba."

Saa ilikuwa saba kasoro, nami nina kazi zangu. Nikatoka mpaka getini, nikapokea kinachopokelewa kila mchana kutoka kwa mke wa Mkurugenzi, nikarudi.

"Mheshimiwa," nikasema, "giaboksi yako imefika. Bado ina moto."

Nikauweka mezani mkebe wake wa chakula, ule wa vibakuli vya kupandana. Siku za kawaida huwa wa ghorofa tatu. Nne ni sikukuu, au mgeni mkubwa. Mama Alamelu akautazama mkebe, akautazama ukuta. Mpini umepinda kushoto mezani, umepinda kushoto ukutani.

"Huo si wangu," akasema Mkurugenzi.

Mama Alamelu akainua mfuniko wa juu. Kwetu chombo hakitoki dukani bila kutobolewa jina la mwenyewe kwa nukta, na la Mkurugenzi lilikuwepo. Akaivuta ile barua ya Ramanathapuram, akapiga mstari juu ya jina la Kayal, akafungua kalamu. Kisha akausogeza mfuniko karibu na miwani zake mbili, akawa anaandika na kutazama, anaandika na kutazama, ili asikosee herufi.