Mwalimu Quresh na Mwanga wa Kwazari

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Balaa. Mkuu wa shule, Mwalimu Kornelio, ameisoma upya barua yangu ya maombi. Ile niliyoandika kwamba nachunguza kwazari. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu, tena kwenye simu. Sasa anataka Ijumaa nioneshe kidato cha tatu picha ya mwanga niliouchunguza mwenyewe. Miezi minane najitolea kufundisha fizikia hapa Tingi, na barua yake ya kunipendekeza niajiriwe ndiyo tegemeo langu. Nikiikosa, narudi Lindi kuuza misumari dukani kwa ami Nurmohamed.

Jumatano, 13 Agosti
Nimesoma mpaka macho yanawasha. Kwazari ni kiini cha galaksi ya mbali mno. Shimo jeusi linafyonza gesi, gesi inapata moto, inang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Wanaastronomia huuchambua mwanga huo rangi moja moja, wakitafuta mistari inayong'aa. Kadiri kwazari ilivyo mbali, ndivyo mistari inavyosogea upande wa nyekundu. Wenzangu wana madarubini makubwa. Mimi nina simu.

Alhamisi, 14 Agosti
Mpango umepatikana. Boksi la viatu, kipande cha CD cha kutawanya rangi za mwanga, tundu jembamba. Nimelielekeza kwenye taa ya tyubu ya ofisi ya walimu, nikapiga picha. Mistari mizuri ajabu! Mwalimu Jenipher wa kemia akaniuliza boksi la nini. Nikamwambia nimenunua viatu. Akaitazama miguu yangu. Huyu hajanitakia mema tangu nilipomwambia kemia ni mapishi.

Ijumaa, 15 Agosti
Nilianza vizuri. Sauti ilitetemeka, lakini wanafunzi walidhani ni uzito wa mada. Ndipo Jenipher, aliyekuja kutazama pamoja na Mkuu, akanyoosha mkono, kwa adabu zote. Akasema mistari ile anaijua, ni ya mvuke wa zebaki uliomo kwenye taa za tyubu. Tena haijasogea hata kidogo, kwa hiyo kitu chenyewe kiko karibu. Mkuu akauliza karibu kiasi gani. Jenipher akasema ukitoka mlangoni, kushoto. Walicheka mpaka kengele. Sijala.

Jumatatu, 18 Agosti
Mkuu aliniita. Nilimpa shikamoo mbili. Akasema barua ataiandika kwa sharti moja: niwaambie wanafunzi ukweli, kisha niwafundishe kuchambua mwanga wa taa ile ile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nikaenda darasani, nikasema. Watoto wakatengeneza maboksi kumi na moja, wakagoma kutoka darasani. Hata Jenipher alilisifu somo. Mkuu akaniambia ukweli ndio ulioniokoa, nisiusahau. Nilikaribia kulia.

Jumanne, 19 Agosti
Mkuu ameniomba nimwandikie sifa zangu kwa ufupi, aziweke kwenye barua. Nilikaa na kalamu saa nzima. Mwalimu, miaka ishirini na sita, fizikia. Zilionekana sifa za mtu yeyote. Nimeongeza kwamba nimegundua galaksi. Ndogo tu, sikutaka kujikweza.