Mashine Yangu ya Kurudi 1998

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mama Christine anahama Nairobi! Jumapili anarudi kwao Siaya, moja kwa moja. Kanisa lake la mtaa wa Satellite litamuaga Jumamosi mchana. Habari nimeipata kwa Oketch. Nimechukia kuipata kwa Oketch.

Huyu mama ndiye aliyekuwa na kile kibanda cha video Soweto East, Kibera, pale ambapo sasa pameota ghorofa. Mimi na Oketch tulikuwa watafsiri wake. Picha inasema Kiingereza, sisi tunasimulia kwa Kiswahili, watu sitini kwenye benchi za watu thelathini. Mimi nilishika picha za kusafiri katika wakati. Oketch alishika za roboti. Wageni kutoka anga za juu tuligawana. Siku moja niliuliza umati kwa nini hao wageni hawatui Kibera hata mara moja. Mama Christine akajibu kutoka mlangoni kwamba walitua, wakakosa choo, wakaondoka. Tulicheka mpaka picha ikaisha.

Anasema ile deki ya zamani ya kuchezea kanda za video ataachia mmoja wetu. Lazima niwe mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Oketch anatengeneza roboti ya kumuagia mama. Kwa mitungi ya maji! Tumebishana mbele ya kibanda changu cha kurekebisha TV hapa Kawangware, ubishi uleule wa miaka ishirini na saba. Yeye anadai hadithi ya roboti inazishinda zote, kwa sababu roboti ni kibarua tu aliyechoka kutumwa, na kila mtu Kibera anamjua huyo. Nilitaka kumwambia amesema vizuri. Nikamwambia roboti yake inavuja.

Mimi nikasema ya kurudi nyuma ndiyo kubwa. Hakuna binadamu asiye na siku moja ambayo angeirudia airekebishe. Akaniuliza yangu ni ipi. Nikajifanya nina mteja.

Wazo! Nitamjengea Mama Christine mashine ya wakati. Chumba kidogo cha mabati, ndani kila kitu cha 1998. Anaingia, anafunga mlango, anafungua macho: Kibera ya zamani!

Alhamisi, 7 Agosti

Nzuki, fundi wa kuchomelea, amemaliza. Kazi safi, ila komeo ameliweka nje, na chini ametoboa matundu. Nikauliza ni ya nini. Kumbe alidhani ni banda la kuku. Hakuna muda wa kubadilisha.

Nimetundika kalenda ya 1998, nimeweka stovu, nimenyunyiza mafuta taa kidogo kwa ajili ya harufu. Nikaketi ndani dakika kumi. Machozi! Kavetsa, mke wangu, anasema ni mafuta taa.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu tupu. Lakini sijui kama ni aibu.

Roboti ya Oketch iliingia uwanja wa kanisa kwa mkokoteni, ikainua mkono. Mmoja. Watu wakapiga makofi hadi nikasikia kizunguzungu. Nikatangaza mashine yangu, nikaingia kuonyesha inavyotumika, nikavuta mlango kwa nguvu. Komeo la nje likaanguka, likakwama. Watu wanne wakalivuta. Wapi! Oketch akakimbia kuazima grainda ya kukatia chuma.

Nikabaki gizani. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa. Mama Christine alikuwa ameketi karibu na matundu.

"Wekulo, siku ile kibanda kinabomolewa ulikuwa wapi? Oketch alibeba benchi peke yake."

Ndiyo siku yangu hiyo. Nikamwambia ukweli: nilijificha kwa shemeji Kawangware, kwa sababu sikuweza kutazama.

Akasogeza kiti karibu zaidi. "Mimi nikipewa mashine, siku hiyo siendi. Narudi ile Jumapili mchana stima ilipotea katikati ya picha. Nyinyi wawili mkaendelea tu kusimulia. Na hakuna mtu alitoka."

Nilikuwa nimesahau! Tulikuwa hata hatujui picha yenyewe inaishaje.

Oketch alikuwa amerudi. Nikamsikia nje akianza kwa ile sauti yake ya zamani: roboti wa mwisho duniani amesimama mlangoni, hana wa kumtuma. Nikadakia kutoka ndani: mara msafiri wa wakati akatokea, akamwomba maji ya kunywa. Tukaenda hivyo, yeye nje, mimi ndani, watu kimya kama zamani. Grainda haikuwashwa kwa karibu saa nzima.

Nilipotoka, Oketch alinipangusa vumbi la chuma begani. Sikumwomba msamaha. Nilimsaidia kurudisha benchi za kanisa. Zote.

Jumapili, 10 Agosti

Tumemsindikiza Mama Christine. Alitushika mikono, mmoja huku, mmoja huku, hakutaka kuachilia. Deki akampa Oketch! Mimi akanipa rimoti, eti ili tutafutane. Oketch akaniambia nije kwake Jumamosi na rimoti yangu, tujaribu kama bado inawaka. Nikamjibu nitaangalia nafasi. Nafasi ninayo. Ninayo tele.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefikiri sana. Deki ilikuwa haki yangu.

Wazo! Katika hadithi zote zile, hatukuwahi kugusa ya mtu asiyeonekana. Nimepaka shuka rangi ileile ya ukuta wetu, samawati. Ukuta wa Oketch ni samawati pia, nimehakikisha. Ninaingia nimejifunika, ninabeba deki, ninatoka. Ataamka akute meza tupu na asijue kilichompata.

Sasa hivi nalijaribu sebuleni. Nimeegemea ukuta, naandika nikiwa chini yake. Kavetsa amepita mara mbili bila kusema neno. Inafanya kazi!

Ameweka kikombe cha chai karibu kabisa na mguu wangu. Bahati tu.