Eda ya Chumba cha Juu

Amour alipolitazama paa tupu la nyumba ya shangazi yake pale Malindi, hakuona paa, aliona chumba. Akagongelea mbao na mabati bila ya kibali, akapaka chokaa, akakiita "ghorofa ya bahari". Na ukisimama juu ya ndoo, bahari uliiona kweli.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mpangaji akishalipa kodi ya mwaka, huja binamu yake Haitham, kavaa tai, akajiita mkaguzi: chumba hiki haramu, hama leo. Mpangaji, kwa hofu kwamba na yeye mkosa, hukimbia bila ya kudai chake. Msichana mmoja, Nadra, alikimbia hivyo, akasahau hata birika lake.

Akafuata Bi Kidawa, mwanamke mpole wa Tumbatu. Alipokwisha kulipa tu, Amour akakipangisha tena chumba hicho hicho kwa bwana aitwaye Mansour, kisha akampandisha Haitham ngazi.

Mlangoni walikuta viatu vya kike tele na pazia zito.

"Hodi! Mkaguzi!"

"Mkaguzi gani, huna haya?" jirani alifoka kutoka ndani. "Mwenzetu kafiwa na mume. Yumo edani. Mwanamume wa kando haingii, na yeye hatoki mpaka eda ishe."

Haitham alivua tai. Amour alijikuta anachangia mchele wa hitima. Alilia pia, na kwa alivyozoea kuwaaminisha watu, akaliamini chozi lake mwenyewe.

Mansour naye alitaka chumba chake. "Au nende kwa sheha wa mtaa, kaka, nikamweleze?"

Sheha, na zile mbao! Amour akampisha chumba chake mwenyewe cha chini, akatandika mkeka barazani. Kwa miezi minne na ushei aliwaambia wapita njia, "Msinicheke, mwenye nyumba ndiye mimi." Wakazidi kucheka.

Eda ilipokwisha alipanda mbio. Bi Kidawa alikuwa anamimina chai. Pembeni yake alikaa Mansour, kaegemea mto.

"Karibu, kaka. Mume wangu huyu."

"Ushaolewa leo leo?"

"Huyu ndiye yule yule."

"Marehemu?" Amour alishika mlango. "Bwana wee, mimi nimekula hitima yako! Nimelia!"

"Hata mie nilikula," alisema Mansour. "Wali ulikuwa mzuri."

"Nakushitakini!"

"Twende," alijibu Bi Kidawa kwa upole. "Tuanze na hizi mbao. Nshauliza: kujenga bila ya kibali kosa lako, si langu. Mpangaji hatolewi ila kwa amri ya mahakama, na kodi yake hailiwi. Mdogo wangu hakuyajua hayo."

Amour alilitazama birika mkononi mwa Bi Kidawa. Alilijua: ni lile la Nadra.

Akashuka, akaketi mkekani, akajicheka kabla ya wapita njia. Wingu lilikuwa linatanda upande wa bandari. Mansour akachungulia dirishani.

"Mvua hiyo, kaka. Nikugongee bati hapo barazani?"

"Bila ya kibali?" Amour aliuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake.